Matone ya macho ya poloksama yanaganda chupani kabla hayajafika jichoni. Nirekebishe wapi?

Kemia_Kisumu

Salamu wadau. Naomba mawazo ya waliozoea jeli zinazoitikia joto. Lengo ni matone ya macho: yawe majimaji chupani, yakitua jichoni yashike yawe jeli, ili dawa isioshwe na machozi ndani ya dakika chache. Ni kazi ya maabara, hakuna jicho la mtu linalowekewa.

Mchanganyiko wa sasa, kwa kila gramu 100:

- poloksama 407 (polima iliyo majimaji ikiwa baridi na jeli ikipata joto), gramu 20
- siprofloksasini haidrokloridi, dawa ya kuua bakteria, gramu 0.35 (sawa na 0.3% ya dawa yenyewe)
- sodiamu kloridi, gramu 0.9
- benzalkoni kloridi (kihifadhi dhidi ya vijidudu), gramu 0.01
- bafa (kimiminiko kinachoshikilia pH) ya fosfati ya pH 7.4, hadi gramu 100

Shida ni tatu. Kwanza, chumba hapa Kisumu kinafika nyuzi 28 hadi 30 mchana, na chupa ikitoka kwenye friji haichukui muda inakuwa jeli humo humo. Ukiibinya haitoi tone. Pili, mchanganyiko una ukungu mweupe badala ya kuwa angavu. Tatu, poloksama ikishushwa hadi 15%, chupani inabaki majimaji vizuri, lakini ikichanganywa na machozi bandia kwenye nyuzi 34 haigandi kabisa. Kati ya 15 na 20 nishike wapi? Na je, si bora nihamie PNIPAM, polima nyingine inayoitikia joto, kwa kuwa yenyewe hugeuka kwenye nyuzi 32?

FundiJeli_Nakuru

Ndugu Kemia, tuanze na hesabu, maana hapo ndipo matone mengi ya aina hii huangukia. Tone la chupa ya kawaida ni takriban mikrolita 40. Jichoni kuna machozi kama mikrolita 7. Kwa hiyo kinachokaa jichoni si ile 20% uliyopima kwenye mizani. Ni 20 × 40 ÷ 47, yaani 17.0%. Ile ya 18 inashuka hadi 15.3. Ile 15 yako inashuka hadi 12.8, na poloksama 407 ikiwa chini ya takriban 15% haigandi hata uipashe joto namna gani.

Sababu iko kwenye molekuli. Katikati kuna kipande ambacho kadiri joto linavyopanda ndivyo kinavyokimbia maji, na pande mbili kuna mikia inayoyapenda maji. Joto likipanda, vipande vya katikati vinajificha ndani kwa pamoja na mikia inabaki nje: hiyo ndiyo miseli. Jeli inapatikana pale tu miseli zinapokuwa nyingi hadi zinabanana na kujipanga kwa safu. Zikiwa chache zinaelea tu, kila moja na nafasi yake, na mmumunyo unabaki maji. Ndiyo maana joto peke yake halitoshi. Lazima na ukolezi uwepo.

Sasa una kuta mbili. Ukuta wa chini ni chumba chako: kuganda kusianze kabla ya nyuzi 30. Ukuta wa juu ni uso wa jicho, nyuzi 34 hadi 35, na hapo lazima igande ikiwa imeshazimuliwa na machozi. Nafasi iliyobaki ni nyuzi 4 au 5. Huku Nakuru chumba kikiwa nyuzi 24 au 25 mchana, nafasi ni karibu mara mbili ya hiyo, kwa hiyo fomula iliyokubali huku ikishuka Kisumu inagoma bila mtu kubadilisha kitu.

Poloksama 407 peke yake haiingii kwenye nafasi hiyo. Ukipandisha ukolezi ili istahimili machozi, inaganda chumbani. Ukiushusha ili itulie chumbani, machozi yanaivunja. Hakuna namba kati ya 15 na 20 itakayokuokoa, kwa hiyo usiitafute. Kinachosaidia ni kuongeza poloksama 188. Kipande chake cha katikati ni kifupi zaidi, inajipenyeza kwenye mpangilio wa 407 na kuuvuruga, hivyo halijoto ya kuganda inasukumwa juu bila wewe kupunguza 407. Kwenye kazi za macho mchanganyiko unaorudi mara kwa mara ni 407 ya 20 au 21% pamoja na 188 ya takriban 10%. Anzia hapo, kisha tengeneza gridi ya vichupa 9 vya gramu 10: 407 iwe 19, 20 na 21, 188 iwe 6, 9 na 12. Ukizidisha 188, jeli inakuja lakini ni legevu, ukiinamisha kichupa inateleza.

Sodiamu kloridi iondoe. Inanyang'anyana maji na polima, na kuganda kunashuka kwa nyuzi chache, nyuzi ambazo huna. Badala yake weka manitoli (sukari isiyo na chaji), kisha pima kwa osmomita, chombo cha kupima nguvu ya osmosi, ukilenga miliosmoli 280 hadi 320 kwa kilo. Usiweke manitoli kwa hesabu ya karatasi peke yake kwa sababu poloksama nayo inachangia. Na maji yawe yaliyotoneshwa. Maji ya kisima ya huku Bonde la Ufa yana sodiamu na floridi ya kutosha kukubadilishia matokeo.

Utengenezaji. Pima kila kitu kwa uzito, hata maji. Bika iwe ndani ya barafu, nyuzi 4 hadi 5. Nyunyiza unga kidogo kidogo juu ya maji huku sumaku ikizunguka taratibu, mizunguko 200 hadi 300 kwa dakika. Ukiongeza kasi unaingiza povu, na povu la poloksama ni sugu. Usingoje unga uyeyuke palepale. Funika, weka friji saa 12 hadi 24. Ukitoka lazima uone mmumunyo angavu, bila bonge na bila kiputo. Ukikuta mabonge usipashe moto kamwe: bonge likipata joto ngozi yake ya nje inageuka jeli, na unga mkavu ulio ndani unafungiwa humo. Lirudishe kwenye barafu, koroga polepole.

Kupima. Weka mililita 2 ndani ya kichupa cha mililita 10, kwenye beseni la maji lenye kidhibiti joto. Kipimajoto kiwe ndani ya kichupa pacha chenye mchanganyiko uleule, si ndani ya maji ya beseni pekee, maana jeli inachelewa kupata joto. Anza nyuzi 15, panda nyuzi 1 kila dakika 5. Ukikaribia, panda kwa nusu. Kila hatua geuza kichupa juu chini. Kisipotiririka kwa sekunde 30, andika halijoto hiyo.

Halafu chukua gramu 4 za fomula na gramu 0.7 za machozi bandia, changanya kwenye barafu, rudia upimaji wote. Machozi bandia kwa gramu 100: sodiamu kloridi 0.67, sodiamu baikaboneti 0.20, kalsiamu kloridi yenye maji mawili 0.008, maji hadi kufika 100. Unatafuta fomula ambayo namba yake ya kwanza iko juu ya 30 na ya pili iko chini ya 34. Fomula yenye namba moja tu bado haijapimwa.

Mfamasia_Eldoret

Fundi amemaliza upande wa joto. Mimi nashika ule ukungu mweupe, kwa sababu hata ukipata halijoto sahihi, kama dawa haijayeyuka kazi imeharibika.

Huo weupe si poloksama. Ni siprofloksasini imetoka kwenye mmumunyo ikawa fuwele. Molekuli yake ina kundi la asidi na kundi la besi. Kwenye pH 4 hadi 5 ina chaji chanya na inayeyuka bila shida. Kati ya 7 na 8 chaji mbili, chanya na hasi, zinakaa kwenye molekuli moja na kufutana, na umumunyifu unaanguka chini ya miligramu 0.2 kwa mililita. Wewe unahitaji miligramu 3. Miseli zinabeba kidogo, lakini si kufidia pengo la mara kumi na tano. Bafa yako ya 7.4 imechaguliwa kwa ajili ya jicho. Dawa hii haiitaki.

Njia ya kwanza ni kufanya kama matone ya madukani: asetati, pH takriban 4.5, na manitoli ya 4.6% kwa ajili ya osmosi. Ukienda huko, bafa iwe dhaifu, milimola 10 kwa lita inatosha, ili machozi yaweze kuipandisha pH haraka. Bafa kali ya pH 4.5 inawasha jicho, jicho likiwashwa linatoa machozi mengi, na machozi mengi yanavunja hesabu ya 40 kwa 7 aliyokupa Fundi. Unaona mambo yanavyoshikana. Poloksama yenyewe haina chaji, kwa hiyo pH 4.5 haiisumbui.

Lakini jua hili: tone likifika jichoni na pH ikapanda hadi 7.4, siprofloksasini inaweza kutoka tena na kukaa juu ya konea, kioo cha mbele cha jicho, kama unga mweupe. Ni jambo linalojulikana kwa wagonjwa wa vidonda vya konea wanaotumia matone ya kawaida ya dawa hii. Ndani ya jeli, ambako tone linakaa muda mrefu zaidi, lipe uzito.

Ndiyo maana ningekushauri ubadilishe dawa kabla hujaitesa bafa. Ofloksasini ya 0.3% inakaa vizuri kwenye pH ya 6.4 hivi. Ni ya familia ileile, kipimo kilekile, na jicho haliipigi vita. Kama mradi wako umeshasajiliwa kwa jina la siprofloksasini, basi baki na asetati na uandike wazi kwamba ulifuatilia fuwele kwa darubini baada ya kuchanganya na machozi bandia.

Mengine mafupi. Benzalkoni punguza hadi 0.006%, lakini kumbuka miseli zinameza sehemu yake, kwa hiyo fanya jaribio la vijidudu ukitumia fomula kamili. Matokeo ya benzalkoni kwenye maji matupu hayakusaidii. Chupa iwe ya rangi ya kahawia, dawa za kundi hili zinaharibiwa na mwanga. Na ukipima kwa mwanga wa urujuanimno kwenye nanomita 277, sampuli yako tupu lazima iwe na poloksama ileile kwa ukolezi uleule: unga mwingi wa poloksama 407 huongezewa BHT kuzuia uoksidishaji, na BHT inafyonza mwanga jirani kabisa na hapo. Ukisafishia mashine kwa maji, utaisoma BHT ukidhani ni dawa.

Kemia_Kisumu

Shukrani sana, Fundi na Mfamasia. Nimeelewa kwamba nilikuwa natafuta namba moja mahali panapohitaji mbili. Ofloksasini inawezekana, mradi haujafungwa kwa jina.

Mawili yamebaki. Kichujio cha mikroni 0.22, cha kuondoa vijidudu, kinaziba baada ya mililita chache. Je, nitumie otoklevu (chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke wa shinikizo)? Si jeli itaharibika kwenye nyuzi 121? Na lile swali la PNIPAM bado liko.

FundiJeli_Nakuru

Mara nyingi kichujio hakizibi kwa uchafu, kinaziba kwa joto. Mmumunyo umetoka friji ukiwa nyuzi 4, lakini bomba la sindano, kishikio cha kichujio na kiganja chako viko nyuzi 30. Unagandia kwenye utando. Weka vyote kwenye friji saa nzima kabla: mabomba, vichujio, chupa za kupokelea. Pitisha kwanza kwenye mikroni 0.45 kisha 0.22, mililita 10 kwa kila kichujio, na ushike bomba kwa kitambaa chenye barafu. Sukuma polepole, mmumunyo wa 30% kwa jumla ya poloksama zote mbili una mnato hata ukiwa baridi.

Otoklevu inawezekana, na kwa 407 ni njia ya kawaida. Ikipanda joto itaganda, ikizidi kupanda jeli inalegea tena, na ikitoka unaweza kukuta haiko sawasawa juu na chini. Hiyo si kuharibika. Iache ipoe, weka kwenye barafu, izungushe taratibu mpaka iwe angavu. Hatari halisi ni maji kupotea kama mvuke: ukolezi unapanda na halijoto ya kuganda inashuka. Pima uzito wa chupa kabla na baada, pungufu lirudishe kwa maji tasa, kisha pima tena kuganda. Pima pia pH na kiasi cha dawa.

Jambo moja watu wa nyanda za juu hulisahau. Geji ya otoklevu ndogo, zile za kupasha kwa jiko, inasoma shinikizo la ziada juu ya hewa ya mahali ulipo. Psi 15 inatoa nyuzi 121 pwani. Kisumu, mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, psi 15 inakupa takriban nyuzi 119; Nakuru, kwenye mita 1,850, ni karibu 118. Ili ufike 121 unahitaji psi 17 hivi Kisumu na 18 Nakuru, kama chombo chako kimeidhinishwa kubeba shinikizo hilo. Kama hakijaidhinishwa, usikilazimishe: ongeza muda na uthibitishe kwa vibanzi vya mbegu za bakteria, vile vya *Geobacillus*. Otoklevu zinazojiongoza kwa kihisi cha joto hazina shida hii.

Polima_Maseno

Nijibu la PNIPAM. Heskins na Guillet walieleza tabia yake mwaka 1968: kwenye maji, chini ya nyuzi 32 hivi mnyororo umejinyoosha na kushikana na maji, ukivuka hapo maji yanaachwa, mnyororo unajikunja na polima inatengana. Mgeuko ni mkali, wa nyuzi moja au mbili tu, na hauyumbishwi sana na ukolezi. Kwa hilo inaonekana imeumbwa kwa ajili ya kazi yako.

Lakini kwa dawa za kuwekwa mwilini ina kasoro mbili nzito. Haioozi mwilini, uti wake ni kaboni kwa kaboni, hakuna kimeng'enya wala maji ya kuukata. Na monoma, yaani kipande kidogo cha kuundia polima, inayobaki baada ya utengenezaji ni sumu ya neva. Lazima uisafishe kwa dayalisisi (kuchuja kupitia utando) ndefu na uthibitishe imeisha. Pia tofautisha kutengana na kuganda. Mnyororo mtupu wa PNIPAM ukiwa na ukolezi mdogo haukupi jeli inayokaa jichoni. Unakupa maji yenye ukungu na mashapo.

Mahali iliposhinda kweli ni kwenye sahani za kukuzia seli. Kikundi cha Teruo Okano huko Tokyo kilipaka sahani tabaka jembamba mno la polima hii. Kwenye nyuzi 37 uso unakimbia maji na seli zinajishika. Sahani ikishushwa hadi nyuzi 20 kwa nusu saa hivi, uso unavuta maji na karatasi nzima ya seli inabanduka bila tripsini (kimeng'enya cha kubandulia seli), ikiwa na mishikamano yake yote. Tabaka likiwa nene kupita kiasi, seli hazishiki kabisa tangu mwanzo. Kwa hiyo PNIPAM mpe anayekuza seli. Wewe baki na poloksama, ambayo tayari imo kwenye dawa zilizoidhinishwa: Otiprio, siprofloksasini ya kuwekwa ndani ya sikio la kati, mwaka 2015 huko Marekani, na Jelmyto, mitomaisini ya saratani ya njia ya juu ya mkojo, mwaka 2020. Jelmyto inaingizwa ikiwa imepozwa, na ikishapata joto la mwili inaganda na kubaki pale ikitoa dawa. Angalia zinakowekwa zote mbili: mahali palipojificha, ambako hakuna kope inayopepesa wala machozi yanayobadilishwa kila dakika. Jicho ndilo gumu kuliko yote.

Nyota_Kakamega

Naheshimu yote yaliyosemwa, ila naona swali la msingi limerukwa. Matone haya yatakaa wapi? Kama ni mgonjwa wa Nyando au Budalangi asiye na friji, nyumba ya mabati inavuka nyuzi 30 kwa urahisi. Hapo nafasi ya nyuzi 4 inakuwa sifuri, na hakuna poloksama 188 itakayoiokoa. Kwa eneo letu, kichochezi cha joto ndicho kichochezi dhaifu kuliko vyote kwa dawa ya macho.

Tumia ayoni, yaani chembe za chumvi zenye chaji. Sakizi ya jelani ya 0.6% hivi inabaki majimaji chupani na inashika jichoni kwa sababu machozi yana sodiamu na kalsiamu. Timoptic-XE, timololi ya glakoma, inafanya kazi kwa njia hiyo na inahifadhiwa kwenye joto la chumba. Nyunyiza jelani kwenye maji yaliyotoneshwa, pasha hadi nyuzi 90 ukikoroga mpaka iwe angavu, poza, kisha ongeza manitoli. Hakuna chumvi ndani, hata kidogo: maji ya bomba yenye kalsiamu yanatosha kuigandisha bikani ikipoa. Angalizo ni kwamba jelani ina chaji hasi, na dawa zenye chaji chanya, ikiwemo siprofloksasini ya pH 4.5, zinaweza kushikana nayo na kutoa nyuzinyuzi. Ofloksasini kwenye 6.4 ina nafasi nzuri zaidi, lakini changanya kiasi kidogo uitazame kwa siku chache kabla ya kutengeneza nyingi. Benzalkoni nayo ina chaji chanya, iangalie kwa jicho hilohilo.

FundiJeli_Nakuru

Nyota, nakubali kwa mgonjwa asiye na friji. Kwa sindano inayotumiwa hospitalini, kwenye mfuko wa fizi, sikioni au kwenye kibofu, friji ipo na hakuna machozi ya kuzimua, kwa hiyo joto linabaki kichochezi kizuri. Kemia, kama lengo ni nyumbani, fanya zote mbili sambamba ulinganishe. Poloksama ina udhaifu mwingine: hata ikiganda vizuri, inamomonyoka. Kwenye maji mengi inaisha kwa saa chache, haikai siku.

Mfamasia_Eldoret

Kuhusu kupima huo mmomonyoko, maana hapo watu hupoteza data. Weka gramu 2 za fomula kwenye kichupa chenye kipenyo kinachojulikana, iache igande kwenye nyuzi 34 kwa dakika 10. Mwagia juu mililita 2 za machozi bandia *yaliyokwisha kupashwa* hadi 34. Ukimwaga yaliyo baridi, uso wa jeli unayeyuka na sampuli ya kwanza inatoka kubwa kwa uongo. Tikisa taratibu, mizunguko 50 kwa dakika. Kila muda uliopanga, mwaga maji yote, futa nje ya kichupa, pima uzito, rudishia mapya ya joto lilelile. Uzito uliopotea ni jeli iliyoyeyuka. Kiasi cha dawa unapima kwenye maji uliyomwaga. Mistari miwili ikienda pamoja, dawa inatoka kwa mmomonyoko. Dawa ikitangulia, inapenya yenyewe. Ukibaki na siprofloksasini, mililita 2 za pH 7.4 zitashiba haraka na utasoma umumunyifu wa dawa ukidhani unasoma jeli. Ongeza ujazo au punguza jeli.

Kwa upenyaji, macho ya mbuzi kutoka machinjioni yanafaa. Yabebe kwenye chumvi ya 0.9% iliyopozwa, yatumie mapema siku hiyohiyo, acha ukingo mdogo wa skelera (weupe wa jicho) kwa kushikia, na upande wa epitheliamu (utando wa nje) utazame dawa. Mwishoni pima maji ya konea: yakivuka 83% hivi, konea ilikuwa imeharibika na matokeo hayo yatupe.

Ziwa_Naivasha

Naingilia kidogo. Huku tuna maganda mengi ya kamba wekundu wa Marekani, wale walioletwa ziwani mwaka 1970. Kitosani (polima itokanayo na maganda) yake inaweza kutengeneza jeli ya joto bila kuagiza poloksama? Nimesoma kuhusu kitosani na beta-gliserofosfati.

Polima_Maseno

Inawezekana, na ni jeli ya aina nyingine kabisa. Kwanza maganda: yaoshe, yakaushe, yasage. Asidi haidrokloriki ya mola 1, mililita 15 kwa gramu, kwenye joto la chumba mpaka viputo viishe. Hapo chokaa imetoka. Osha. Sodiamu haidroksaidi ya mola 1 kwenye nyuzi 70 hadi 80 kwa saa kadhaa kuondoa protini. Osha. Rangi nyekundu itoe kwa ethanoli. Kisha haidroksaidi ya 45 hadi 50% kwenye nyuzi 100 hivi, saa 1 hadi 3, kuondoa asetili. Usitumie sufuria ya alumini hata mara moja: haidroksaidi inaila na kutoa haidrojeni inayoshika moto. Tumia chuma cha pua, miwani, na glavu nzito.

Unataka asetili iliyoondolewa iwe 85% au zaidi. Kikisalia kitu kisichoyeyuka kwenye asidi asetiki ya 1%, hujafika. Rudia hatua ya mwisho kwa saa moja.

Jeli: yeyusha kitosani kwenye asidi ya mola 0.1, ichuje, poza kwenye barafu. Gliserofosfati iyeyushe kwenye maji kidogo, nayo ipoe. Idondoshe tone kwa tone huku ukikoroga, ili mwishoni upate kitosani ya takriban 2% na gliserofosfati ya 5 hadi 6%, pH 7.0 hadi 7.2. Ukiharakisha, pale tone linapoangukia pH inaruka na kitosani inatoka kama vipande vyeupe ambavyo havirudi. Kwenye nyuzi 37 igeuze kichupa kila dakika. Mchanganyiko mzuri unashika ndani ya dakika 10 hadi 15. Isiposhika, angalia asetili kwanza, kisha pH, ndipo uongeze gliserofosfati. Usiiongeze kwa ukarimu: inapandisha osmosi mbali juu ya mwili na kuumiza seli. Tofauti na poloksama, jeli hii ikishashika hairudi kuwa maji vizuri ukiipoza, na hata kwenye friji mchanganyiko unazidi kuwa mzito siku hadi siku. Hifadhi vimiminiko viwili mbalimbali, changanya siku ya kutumia.

Kwa kidonda cha juu ya ngozi kwenye majaribio, kitosani ya nyumbani inafaa kuanzia. Kwa kuchomwa sindano hata kwa panya, pima majivu yaliyobaki, metali nzito na endotoksini (sumu za bakteria) kwanza. Maganda ya ziwani yamejaa bakteria, na endotoksini haiuawi na otoklevu.

Kemia_Kisumu

Nimepata pa kuanzia. Vichupa 9 vya 407 na 188 na ofloksasini kwenye pH 6.4, namba mbili kwa kila kimoja, na jelani ya 0.6% pembeni kwenye kabati la nyuzi 32. Swali la mwisho kwa Fundi: nikipata fomula ambayo kabla ya machozi inaganda kwenye 31 na baada ya machozi kwenye 36, je, niongeze 407 au nipunguze 188?

FundiJeli_Nakuru

Punguza 188 kwanza, nusu asilimia kwa wakati. Namba zote mbili zitashuka, na ya kwanza ikigusa 30 kabla ya ya pili kufika 34, rudi ulikotoka, panda 407 kwa asilimia 1 na 188 kwa asilimia 1 kwa pamoja. 407 inaziba pengo kati ya namba mbili, 188 inazihamisha zote juu. Ukifika 407 ya 22% na pengo bado ni pana, acha poloksama, peleka nguvu kwenye jelani ya Nyota.